Mfuko wa Miguu wa Klabu ya Lweru

Gamaliel Ishengoma hakuwa mtu wa hasira kabla ya mwaka 1953. Waliokuja kumfahamu baadaye, akiwa mzee wa kufoka kwenye mikutano na kuwakatiza watu maneno, walidhani alizaliwa hivyo. Mimi nilimjua kabla. Nilikuwa winga wa kushoto katika klabu ya Lweru pale Rwamishenye, na yeye alikuwa mweka hazina wetu. Kazi yake ya kumpa riziki ilikuwa ukarani wa mizani katika ghala la kahawa mjini Bukoba. Alikuwa mwembamba, Mlutheri wa kuimba besi kanisani, na alicheka kwa urahisi kiasi kwamba wachezaji tulimtania hata alipokuwa akitugawia posho.

Lweru ilikuwa klabu ndogo ya daraja la pili. Uwanja wetu ulikuwa na mteremko upande wa mashariki, na siku za mechi tulizungushia kamba ya katani, watu wakaingia kwa senti kumi. Wanachama walikuwa arobaini, kila mmoja akitoa senti hamsini kwa mwezi. Fedha zetu zilitoka huko tu, na ni Gamaliel aliyejua namna ya kuzitosheleza.

Siku hizi mnaita bajeti. Sisi tuliita makisio, na Gamaliel aliyaandika kila Januari kwa mwandiko wake wa mizani, tarakimu zimesimama wima kama fito za ua. Alikuwa na jambo moja ambalo sijaliona kwa mweka hazina mwingine. Hakupanga matumizi kwa kuangalia miezi ya kahawa, watu wanapokuwa na fedha na uwanja unajaa. Alipanga kwa kuangalia mwezi mbaya kuliko yote, mvua inaponyesha na anayekuja uwanjani ni mjomba wa golikipa. Mwezi mbaya ulituletea shilingi arobaini, basi makisio yalikuwa ya shilingi arobaini. Shilingi kumi na nane zilikuwa posho yetu, senti hamsini kwa mchezaji kwa mechi. Nane za mpira na viatu, tisa za nauli ya basi. Kilichozidi miezi ya kahawa aliweka akiba ya miezi ya njaa.

Na kila mwezi, kabla ya kugawa chochote, alitoa shilingi tano akazipeleka posta. Hizo aliziita mfuko wa miguu. Mchezaji akiumia asiweze kwenda kazini, mfuko ungemlisha yeye na watu wake mpaka asimame tena. Wengi wetu tulikuwa wabebaji wa magunia, wachimbaji, watu wa kibanja, wa kulima migomba. Mguu ndio uliotulisha. Kufikia katikati ya mwaka 1953 kitabu cha posta kilikuwa na shilingi mia na ishirini, na hakuna aliyekuwa ameumia vibaya. Wenzetu wengine walilalamika kwamba fedha zimelala bure. Gamaliel alijibu kwamba anaomba Mungu zilale hivyo hivyo miaka kumi.

Mwaka huo tulipata mwenyekiti mpya. Aliitwa Aristides, mnunuzi wa kahawa mwenye lori lake mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti ya kupendeza. Alitununulia jezi za kijani mpya kabisa, na siku alipozileta tulimwimbia. Mimi niliimba kuliko wote. Kisha akatuambia kwamba anataka Lweru ipande daraja la kwanza mwaka huo huo, na kwamba amempata sentafowadi wa kutupandisha, kijana wa Masaka aitwaye Kizito. Mshahara wake ungekuwa shilingi hamsini kwa mwezi.

Gamaliel alisimama kwenye kikao akasema hesabu haikubali. Mtu mmoja angelipwa karibu mara tatu ya timu nzima, na mapato yetu yote ya mwezi mbaya yasingemtosha. Aristides hakukasirika. Alisema klabu haitatoa hata senti, hamsini zitatoka mfukoni mwake yeye. Kamati ikapiga makofi. Gamaliel akauliza kama Bwana Mwenyekiti anaweza kuweka fedha za miezi sita posta kabla mchezaji hajaja, na watu wakaguna. Mzee mmoja alimwambia aache kumvunjia heshima mtu aliyetuvisha. Gamaliel akakaa.

Kizito akaja Julai. Sitasema uongo, alikuwa mchezaji. Alipopata mpira uwanja mzima ulisimama. Tulianza kushinda, na Aristides akasema timu ya aina hii haiwezi kusafiri kwa basi na kuku, tutumie lori lake. Klabu ingemlipa shilingi ishirini kwa safari, eti za petroli na dereva. Hilo nalo likapita.

Julai Aristides alitoa hamsini zote. Agosti alitoa ishirini na tano, akasema kahawa yake bado haijapimwa. Akamfuata Gamaliel ghalani, mbele ya mizani, akamtaka atoe ishirini na tano nyingine kwenye mfuko wa miguu. Fedha za posta hazikutoka bila sahihi mbili, ya mwenyekiti na ya mweka hazina.

Gamaliel alinisimulia jambo hili mwenyewe, zaidi ya mara moja, na kila mara alilisimulia kama mtu anayejichapa. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu Aristides alimwambia ni mkopo wa wiki nne, tena akamwuliza kama yeye ndiye atakayewaambia watu wa Rwamishenye kwamba Kizito anarudi Masaka kwa sababu ya karani. Tulikuwa nafasi ya pili. Gamaliel aliniambia, "Damian, nisingekuwa naitaka ile nafasi ya kwanza, nisingetia sahihi. Niliitaka kama yeye." Akatia sahihi.

Ukishatia ya kwanza, ya pili haisumbui sana. Septemba zikatoka hamsini, mwenyekiti hakutoa kitu. Oktoba zikatoka arobaini na tano, kwa sababu ndizo zilizobaki, na Kizito akabaki akidai tano. Zile shilingi tano za kila mwezi zilikuwa zimeacha kwenda posta tangu lori lilipoanza kutubeba. Mfuko wa miguu ukawa kitabu kitupu, na wachezaji hatukuambiwa.

Novemba tulikwenda kucheza Kemondo. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na uwanja ulikuwa matope. Beki wetu wa kulia alikuwa Apolinary, mtu wa Ijumbi, Muleba, aliyekuja mjini kubeba magunia ya kahawa na kumwachia mkewe Benigna kibanja na watoto wawili. Alikuwa mtu wa maneno machache, beki wa kutegemewa. Dakika chache kabla ya mapumziko aliteleza akienda kuokoa mpira, na mtu wa Kemondo akamwangukia mguu. Nilikuwa upande wa pili wa uwanja na nilisikia ulipovunjika.

Tulimpakia kwenye lori tukampeleka hospitali ya misheni. Walimfunga mguu vizuri, wakamwambia asiukanyage miezi minne, na magunia asahau mwaka mzima. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi dereva wa Aristides alimpelekea Gamaliel karatasi ghalani. Ilikuwa ankara ya shilingi ishirini, safari ya Kemondo, na chini yake shilingi sita za kuzungukia hospitali.

Gamaliel aliisoma mara mbili. Kisha aliifungua bahasha ya risiti za klabu, akaanza kujumlisha jambo ambalo hakuwahi kulijumlisha. Tangu Julai Aristides alikuwa ameipa klabu shilingi sabini na tano za mshahara wa Kizito. Katika muda huo huo lori lake lilikuwa limelipwa shilingi themanini. Kwa maneno mengine, mfadhili wetu hakuwa ametoa chochote. Tulimlipa shilingi tano juu ya fedha zake ili atusifu, na sentafowadi wake akalipwa na mguu wa Apolinary.

Siku mbili baadaye Benigna alifika Rwamishenye. Alitoka Ijumbi kwa basi akiwa na mtoto mgongoni, akampitia mumewe hospitali kwanza, kisha akauliza njia ya kwa karani wa Lweru. Mkewe Gamaliel, Penina, alimkaribisha akamwekea kiti na ndizi za kupikwa. Hakugusa chakula. Apolinary alikuwa amemwambia asiwe na wasiwasi, upo mfuko wa miguu, akamwone Gamaliel.

Gamaliel angeweza kumdanganya. Angeweza kusema subiri kikao. Alimwambia yote, tangu sahihi ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuficha kwamba ilikuwa sahihi yake. Benigna alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza.

"Karani, makisio yenu unayo hapa?"

Akasema anayo.

"Nionyeshe mguu wa mume wangu mliuandika wapi."

Benigna alijua kusoma, alifundishwa na masista. Gamaliel alileta daftari, akamwonyesha mstari wa shilingi tano. Mwanamke yule alipitisha kidole juu ya ukurasa, miezi yote, akaona ulipokoma. Kisha akaona mstari wa Kizito, akauliza huyu naye mguu wake umeandikwa wapi, au wake hauvunjiki. Benigna akasema hakuja kuomba. Mumewe aliahidiwa, na kwa ahadi hiyo aliingia kwenye matope ambayo mwenye akili angeyakataa. Alitaka mtu aliyeivunja ahadi aitangaze mbele ya watu wale wale walioisikia ikitolewa.

Baada ya yeye kuondoka, Penina, ambaye alikuwa hajui lolote, hakupiga kelele. Alimwambia mumewe, "Baba Kokuhirwa, baiskeli ile uliinunua kwa miaka mitatu. Iuze leo." Akaiuza kwa shilingi mia na kumi, akampelekea Benigna hospitali. Benigna alizihesabu, akazifunga kwenye kanga, hakusema asante. Gamaliel alisema baadaye kwamba angeshukuriwa ingemwuma zaidi.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa nyumbani. Gamaliel alifika na kreti la soda na daftari kwapani. Sikuwahi kumwona na uso ule. Ulikuwa umekauka kama wa mtu mwenye homa. Wakati wa mapumziko, kabla watu hawajatawanyika kwenda kwa wauza karanga, alipanda juu ya kreti katikati ya uwanja akaanza kusoma.

Hakuhutubia. Alisoma tarakimu tu, mwezi kwa mwezi, na sahihi yake mwenyewe kila ilipotiwa, kwa sauti ile ya besi. Aristides alikuwa amekaa kwenye kiti pekee kilichokuwepo uwanjani. Gamaliel alipofika kwenye themanini za lori, Aristides alisimama akawaambia vijana wake wamshushe mwizi huyo, amekula fedha na sasa anatafuta pa kuzitupia. Wawili walimshika Gamaliel miguu. Alianguka, daftari likaingia matopeni, akaliokota akaendelea kusoma akiwa amepiga magoti.

Ndipo Kizito akatoka kwenye mstari wetu. Wote tulimchukia kijana huyu bila kumwambia, kwa ajili ya shilingi zake hamsini, na Gamaliel alimchukia kuliko sisi. Kizito akasema kwa Kiswahili chake cha Kiganda kwamba Oktoba alipewa arobaini na tano, na Novemba hajapewa kitu. Alisema anadaiwa kodi ya chumba. Kama angejua fedha zilitoka kwenye mguu wa mtu, asingezipokea. Akavua jezi ya kijani, akaiweka juu ya kreti.

Nami nikavua yangu. Sisemi hili kujisifu, nilikuwa wa saba au wa nane. Mechi haikuendelea.

Wanachama watatu walichaguliwa kukagua risiti zote. Walikaa siku mbili katika darasa la shule, na hawakuona senti iliyopungua mikononi mwa Gamaliel. Walitangaza hivyo. Unadhani watu walimwomba radhi? Aristides alichukua jezi zake na lori lake akajiuzulu. Bila jezi, bila Kizito, tukifungwa kila wiki, wanachama waliacha kutoa ada, na kufikia Machi klabu ya Lweru haikuwepo. Watu wa Rwamishenye wakakumbuka tulikuwa nafasi ya pili, wakasema karani ndiye aliyeiua timu, kwa nini hakungoja ligi iishe. Walimwambia hivyo dukani, wakamwambia hivyo nje ya kanisa baada ya ibada. Mzee yule yule aliyemwambia asimvunjie heshima mfadhili aliacha kumwitikia salamu. Aristides, kwa upande wake, alialikwa harusini akakalishwa mbele.

Huo ndio wakati Gamaliel alipobadilika. Kicheko kiliisha. Alianza kuwauliza watu maswali makali mahali pasipostahili, kwenye kwaya, kwenye mazishi, fedha za jeneza zimetoka wapi na zimepita kwa nani. Penina alimsihi apunguze. Alimjibu kwamba alipunguza mara moja, Agosti, na mtu akavunjika mguu.

Apolinary alipona, lakini mguu ulibaki mfupi. Hakurudi kwenye magunia. Alikaa Ijumbi akipalilia kibanja pamoja na mkewe. Mwaka 1955 vijana wa huko walianzisha timu wakamwomba awafundishe, naye akawaambia atakubali iwapo tu fedha zao zitapangwa na Gamaliel wa Rwamishenye. Wengi walishangaa. Mimi mwenyewe nilishangaa, maana sahihi ilikuwa ya Gamaliel. Apolinary alisema anamjua mtu mmoja tu aliyewahi kusoma dhambi yake hadharani akiwa amepiga magoti.

Nilipanda naye basi siku ya kikao cha kwanza. Kikao kilikaa uani kwa Apolinary, vijana kama ishirini juu ya magogo. Wa kwanza kusimama alisema yupo mfanyabiashara wa Muleba aliyeahidi shilingi mia mbili, kwa hiyo wamtafute sentafowadi. Gamaliel aliruka kutoka kwenye kiti. Alimfokea kijana yule mpaka kuku wakakimbia. Alimwuliza zipo wapi hizo mia mbili, ziko mkononi mwake au mdomoni mwa mtu. Akawaambia ahadi haiandikwi kwenye makisio, na kwamba anayetaka kuikodisha timu lori lake, au kuiuzia hata kamba ya viatu, asiingie kwenye kamati yake. Mchezaji atalipwa kwa kipimo cha mwezi wa mvua, wote kiasi kimoja, na kila mwezi mchezaji mmoja atasimama uwanjani kusoma hesabu mbele ya watu.

Ilipofika sahihi mbili za posta, alisema moja iwe ya Benigna. Hapo vijana waligoma. Mwanamke hachezi mpira, walisema, na klabu zitawacheka. Benigna alikuwa jikoni akimenya ndizi, akatoka na kisu mkononi.

"Waitu, jamani, simtaki huyu karani kama msivyonitaka mimi," aliwaambia. "Ila yeye atataka kushinda. Mimi sitaki kushinda. Nipeni kitabu."

Walimpa. Alikishika miaka sita, mpaka Uhuru, na naamini alimkatalia Gamaliel sahihi mara mbili. Mara zote mbili Gamaliel alirudi mjini amenuna, na mara zote mbili alikiri baada ya wiki kwamba mama yule alikuwa na haki. Ijumbi hawakupanda daraja hata mara moja. Walikuwa na wachezaji wa kawaida, viatu vya kushonwa upya, na walikwenda kwa miguu kwenye mechi za karibu. Golikipa wao alipovunjika mkono mwaka 1957 mkewe alipelekewa shilingi kumi na tano kila mwezi kwa miezi mitatu, na hakuja kwa mtu kuuliza.

Niliwahi kudhani hasira za Gamaliel zitapoa kwa hayo. Mwaka 1959 tulikuwa Kemondo tukingoja basi, na lori likasimama. Aristides akashuka, amezeeka kidogo, bado ananenepa, akatujia mikono wazi kana kwamba tulisoma pamoja. Alizungumza habari za mwaka 1953, magoli ya Kizito, uwanja ulivyojaa. Akasema ile timu yetu ilikuwa nzuri, na kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo. Akamnyooshea Gamaliel mkono.

Gamaliel hakuupokea ule mkono.

"Uliniletea ankara ya shilingi sita za kuzungukia hospitali," alisema. "Nimeihifadhi. Nimewaonyesha wanangu, na wajukuu wakija nitawaonyesha."

Aristides alicheka, akanitazama mimi nimsaidie kucheka. Akasema hayo ni mambo ya zamani, akatupa nafasi kwenye lori bure hadi mjini. Mvua ilikuwa imeanza. Gamaliel alivuta kola ya koti, akageuka, akaanza kutembea kwa miguu kuelekea Bukoba, na sikuwa na la kufanya ila kumfuata.